Dawa zipo, lakini nani atamtafuta mama anayenyonyesha?

Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, watu wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori wamekuwa na swali moja: ARV, dawa za VVU, zipo? Maafisa wa afya wanaulizwa redioni, wawakilishi wa wadi wanauliza katika mabunge yao, na jibu linalotoka juu ni kwamba akiba ipo. Tuseme jibu hilo ni kweli tupu. Bado linamjibu mtu mzima anayemeza tembe yake moja kwa siku na kurudi kliniki baada ya miezi kadhaa. Mama mwenye VVU anayenyonyesha hamo katika hesabu hiyo. Yeye ana miili miwili ya kulinda. Ana dawa yake, ana dawa ya maji ya mtoto, ana tarehe za mtoto kutobolewa kisigino ili apimwe na tarehe zake mwenyewe za kupimwa wingi wa virusi, na mlolongo huo unakwenda miezi 18 au 24 bila likizo. Kinachomlinda mtoto wake ni kufuatiliwa, na kufuatiliwa ndiko kulikokatwa mapema, kwa sababu aliyekuwa akifuatilia alikuwa analipwa na mfadhili.

Kwa kuwa jambo hili halijaeleweka, mjadala umepinda kuelekea mahali pasipo na faida. Wapo wanaosema sasa kwamba kama huduma zimeyumba, basi akina mama wenye VVU waachishwe kunyonyesha na wapewe maziwa ya kopo, tumalize wasiwasi. Wapo wa upande wa pili wanaosambaza habari kwamba hata Marekani imeruhusu wanawake wenye VVU wanyonyeshe, hivyo hatari imeisha na wanaoonya wanatisha watu bure. Pande zote mbili zinabishana juu ya titi na chupa. Mimi naona ubishi huo ulishapitwa na wakati, na kwamba sehemu kubwa ya ushahidi uliouzima ilitoka hapahapa Kisumu.

Turudi nyuma kidogo. Uchunguzi wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta watu 4.9 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 nchini wana VVU. Homa Bay ilikuwa na asilimia 19.6, Kisumu 17.5, Siaya 15.3, Migori 13.3. Kitaifa, kiwango cha wanawake kilikuwa mara mbili ya kile cha wanaume. Kwa hiyo katika wadi ya kujifungulia ya hospitali yoyote kubwa kando ya Ziwa Victoria, swali la mtoto atalishwa nini linakuja kila siku, mara nyingi usiku, na linajibiwa na muuguzi aliyechoka ambaye amewahi kufundishwa majibu matatu tofauti katika maisha yake ya kazi.

Majibu hayo matatu ndiyo chanzo cha mkanganyiko. Miaka ya tisini, timu ya watafiti akiwemo Profesa Ruth Nduati wa Chuo Kikuu cha Nairobi iliwagawa wanawake 425 wenye VVU katika makundi mawili kwa bahati nasibu, kundi moja likanyonyesha na lingine likapewa maziwa ya kopo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: kufikia miaka miwili, asilimia 36.7 ya watoto walionyonyeshwa walikuwa wameambukizwa, dhidi ya asilimia 20.5 ya wale wa kopo. Hakukuwa na ARV za kuwakinga. Namba hizo zilitikisa dunia, na ni haki yake. Lakini utafiti huohuo ulikuwa na namba nyingine ambayo haikusafiri sana: vifo vya watoto katika miaka hiyo miwili vilikaribiana katika makundi yote mawili, na hapo tunazungumzia akina mama wa mjini waliokuwa na maji yaliyotibiwa na waliofundishwa kuandaa chupa. Yaani hata katika mazingira mazuri ya Nairobi, kopo liliokoa watoto kwa mkono mmoja na kuwapoteza kwa mkono mwingine.

Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likaweka masharti: mama aache kunyonyesha pale tu ambapo maziwa mbadala yanakubalika nyumbani, yanawezekana, bei yake anaimudu, yatapatikana bila kukatika, na ni salama. Karatasini, masharti yalikuwa mazuri. Kliniki, mshauri alimsomea mama orodha, mama akaitikia yote kwa sababu aliona ndilo jibu linalotakiwa, akaenda nyumbani na kufanya alichoweza. Ndipo ukaja ushauri wa tatu, wa kunyonyesha maziwa ya mama pekee bila hata maji, kisha kukata ghafla mtoto akifika miezi sita. Utafiti wa Durban wa mwaka 1999 ulikuwa umeonyesha kwamba mtoto anayechanganyiwa, titi leo na uji kesho, huambukizwa zaidi kuliko anayenyonya tu. Hilo lilikuwa na maana yake: utumbo wa mtoto mchanga ukikwaruzwa na vyakula vingine, virusi hupata mlango. Lakini kukata ghafla kulileta balaa lake. Watoto walioachishwa mapema waliharisha na kudhoofu, na utafiti wa Zambia uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba kuachisha katika miezi minne hakukuongeza idadi ya watoto wanaobaki hai bila VVU.

Hapo ndipo Kisumu inapoingia. Kati ya mwaka 2003 na 2009, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, pamoja na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, waliwafuatilia wanawake 522 jijini humo. Walipewa dawa tatu za ARV kuanzia wiki ya 34 ya ujauzito hadi miezi sita baada ya kujifungua, huku wakinyonyesha. Wakati wa kuzaliwa, asilimia 2.5 ya watoto walikuwa tayari na virusi. Wiki ya sita, 4.2. Miezi sita, 5.0. Sitisha usomaji hapo kwanza. Kati ya wiki sita na miezi sita, kipindi ambacho mtoto ananyonya mchana na usiku, ongezeko halikufika hata nukta moja ya asilimia. Sasa endelea: kufikia miezi 24 kiwango kilikuwa 7.0. Hizo nukta mbili za mwisho zilikuja baada ya miezi sita, wakati ambapo mpango ulidhani kunyonyesha kumekwisha, na wanawake ambao kinga yao ilikuwa bado nzuri walikuwa wameachishwa dawa. Kwa maneno mengine, hatari ya mtoto wa Kisumu haikuisha pale watu wazima walipoamini kazi imeisha.

Namba hizi huwa nazisoma upya kila ninapomsikia mtu akisema tatizo ni maziwa. Utafiti mkubwa uitwao PROMISE, uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika na India, baadaye ulileta picha iliyo wazi zaidi: mama anayetumia dawa katika kipindi chote cha kunyonyesha, maambukizi yalikuwa asilimia 0.3 katika miezi sita na chini ya asilimia moja katika mwaka mzima. Hata kabla ya matokeo hayo, mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limebadili msimamo kwa ushahidi wa tafiti kama ile ya Kisumu, na 2016 likaenda mbali zaidi, likisema mama mwenye VVU anyonyeshe angalau miezi 12 na anaweza kuendelea hadi 24 au zaidi kama mama mwingine yeyote, mradi awe ndani ya dawa na asaidiwe kuzifuata. Likaongeza pia jambo ambalo wauguzi wengi hawajalimeza hadi leo: mama akiwa kwenye dawa, kuchanganya vyakula si sababu ya kumwachisha kunyonyesha. Kenya ilifuata. Mtoto anyonye maziwa pekee miezi sita, aongezewe vyakula, aendelee kunyonya. Pembeni apewe dawa za kinga, zidovudini na nevirapini, kwa wiki sita za kwanza, kisha nevirapini iendelee hadi wiki sita baada ya kuacha titi kabisa.

Sasa tuichukue hoja ya kopo, maana inatoka kwa watu wenye nia njema. Nguvu yake ni kwamba maziwa ya kopo hayana VVU, basi. Hakuna hesabu ya uwezekano hapo, hakuna kusubiri majibu ya maabara. Mama mwenye kazi ya mshahara pale Milimani, Nakuru, mwenye jokofu na maji safi, akiamua kwamba hataki hata hiyo asilimia moja imkoseshe usingizi, sina neno naye na hakuna sheria inayomzuia. Sheria ya mwaka 2012 ya maziwa mbadala inadhibiti kampuni na matangazo yao, haimgusi mama aliyeingia dukani kununua. Vilevile mama ambaye virusi vyake vimekataa kushuka licha ya dawa ana sababu ya kukaa na daktari na kupima upya. Hoja inavunjika inapoondolewa kwa mtu mmoja mmoja na kufanywa sera ya Nyanza nzima.

Piga hesabu. Mtoto wa kopo hutumia takriban kilo 20 za unga wa maziwa katika miezi sita. Kopo la gramu 400 ni zaidi ya shilingi elfu moja, na unahitaji kama 50. Shilingi elfu hamsini na ushee, kabla ya gesi au makaa, kabla ya chupa. Mchuuzi wa omena pale Dunga, Kisumu, hana pesa hiyo, na asipokuwa nayo atafanya kila mtu anachofanya bidhaa ikiwa ghali: ataongeza maji. Kisha kuna hayo maji yenyewe. Botswana, nchi yenye almasi na serikali iliyogawa maziwa ya kopo bure, ilipata mvua kubwa mwanzoni mwa 2006. Maji yakachafuka, na katika robo ya kwanza ya mwaka huo zaidi ya watoto 500 walio chini ya miaka mitano walikufa kwa kuhara, na wachunguzi walipowatazama waliolazwa wakakuta kutonyonya ndiko kulikowatofautisha sana na wenzao. Anayeishi Ahero au popote katika tambarare za Kano, ambako Mto Nyando huvunja kingo mvua za masika zinapozidi na vyoo kuchanganyika na visima, hahitaji kuelezwa hadithi hiyo mara mbili. Nakuru nako kuna shida ya aina yake. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, ile inayoacha meno na rangi ya kahawia, na kuyachemsha hakuiondoi bali huikoleza. Mtoto anayenyonya hukingwa na mwili wa mama yake, kwa maana floraidi kidogo sana ndiyo hupita kwenye maziwa. Mtoto wa chupa huinywa yote.

Hata tuseme kaunti igawe makopo bure na maji yawe safi. Hoja bado ina tundu kubwa, nalo ndilo linaloifanya kuwa dhaifu kuliko zote. Kopo litampata nani? Litampata mama anayejulikana, aliyepimwa, ambaye jina lake limo kwenye rejista. Huyo ndiye ambaye mtoto wake yuko hatarini kidogo zaidi. Watoto wanaoambukizwa siku hizi wengi ni wa akina mama wa aina tatu: ambaye hakuwahi kuanzishiwa dawa, aliyeanza akapotea, na aliyepimwa wakati wa ujauzito akaonekana hana VVU kisha akaambukizwa baadaye akiwa mjamzito au ananyonyesha. Huyu wa tatu ndiye ninayemhofia kuliko wote. Maambukizi mapya hujaza damu na maziwa virusi kwa wingi, na yeye ananyonyesha kwa amani kwa sababu kitabu chake cha kliniki kinasema hana kitu. Mwongozo unataka apimwe tena baada ya kujifungua na kila baada ya miezi kadhaa anaponyonyesha. Makopo elfu kumi hayawezi kumfikia mtu ambaye hakuna anayemtafuta.

Upande wa pili nao unastahili jibu. Mei 2024 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilibadili ushauri wake wa miongo mingi na kusema mama mwenye VVU aliye kwenye dawa, ambaye virusi vyake viko chini ya nakala 50 kwa mililita ya damu mfululizo, asaidiwe akitaka kunyonyesha. Mwongozo wa serikali yao ulikuwa umeelekea huko tangu Januari 2023. Hapa kwetu habari ikasomwa kama ruhusa: wazungu wamekubali, kwa hiyo ilikuwa uongo tangu mwanzo. Nimeona pia tafsiri ya hasira, kwamba wanawake wa Afrika waliambiwa wanyonyeshe kwa sababu maisha ya watoto wao yalikuwa rahisi, huku wa Marekani wakilindwa. Hasira hiyo ina mizizi ya kweli katika historia, lakini katika jambo hili mwelekeo ni kinyume. Marekani ndiyo iliyofuata, tena ikiwa imechelewa, na sehemu ya ushahidi ilioutegemea ni ile ya wanawake wa Kisumu na wenzao wa Malawi, Zimbabwe na Afrika Kusini. Na madaktari hao hawakusema hatari ni sifuri. Walisema ni chini ya asilimia moja, na kwamba kutonyonyesha kunabaki njia pekee ya kuifuta kabisa. Kauli tunayoizoea kuhusu wapenzi, kwamba virusi visivyoonekana kwenye kipimo haviambukizi, haijahamishiwa kwenye titi. Chembe za damu zilizobeba virusi huweza kuwemo kwenye maziwa hata kipimo cha damu kikiwa safi, na titi lililovimba au chuchu iliyopasuka huongeza mashaka.

Lakini tazama ni sharti gani wameweka: virusi viko chini, mfululizo, na tunajua. Kujua huko si jambo la kuchukulia poa. Kunahitaji damu ichukuliwe, ibebwe kwa bodaboda hadi hospitali kubwa, ifike maabara ya Kisumu, Alupe, Kericho au Eldoret, ipimwe kwa kemikali ambazo hazijaisha, na jibu lirudi kwa mtu ambaye atamwita mama siku hiyohiyo likiwa baya. Kila kiungo hapo kina mtu na mshahara. Mwaka 2021 shehena ya ARV ilikwama bandarini Mombasa kwa mvutano wa kodi kati ya serikali yetu na Marekani, na tuliona dawa za watoto zinavyoadimika haraka kuliko za watu wazima. Kuna mtu aliyedhani tumejifunza.

Nimewahi kuketi kando ya mama mshauri katika kituo kimoja cha afya Kisumu, mmoja wa wale wanawake wanaoishi na VVU walioajiriwa kuwashika mkono wenzao. Mbele yake palikuwa na rejista kubwa yenye kingo zilizochakaa na simu ya kabambe. Alipiga namba, akapokea mwanamume. Sauti yake haikubadilika hata kidogo. "Shemeji, habari ya leo? Nipe Mama Achieng', ni wa chama." Mama Achieng' alipokuja kwenye simu, mshauri akamwambia zamu yake ya chama ni Jumatano na asisahau kile kitabu. Hakutaja hospitali, dawa wala mtoto. Alipokata simu akachora alama ndogo kwa penseli. Kisha akanieleza kuhusu mwingine anayeweka chupa ya nevirapini ndani ya mkebe wa majani chai, karatasi yake imebanduliwa, na humpa mtoto dozi yake alfajiri kabla mama mkwe hajaamka, kwa sababu mama mkwe huyohuyo amekwisha kuuliza mara mbili mbona mtoto mwenye afya anapewa dawa kila siku. Mama mkwe ndiye pia aliyeleta uji, nyuka, mtoto akiwa na miezi mitatu. Mshauri alijua yote hayo. Alijua nyumba ipi usipige simu jioni na nyumba ipi utume ujumbe wa salamu tu.

Ajira za namna hiyo ndizo zilizokatika. Marekani ilipotoa msamaha wa muda Februari 2025 kwa huduma za kuokoa maisha, kuzuia maambukizi kutoka kwa mama hadi mtoto kulitajwa, lakini mashirika yaliyowalipa watu hao yalikuwa yamekwisha kuwapa barua. Mkataba wa miaka mitano uliosainiwa Washington Desemba 2025, wenye ahadi ya Marekani ya dola bilioni 1.6, unapeleka fedha kupitia serikali badala ya mashirika na kuitaka Kenya ichukue mzigo hatua kwa hatua. Kwa dawa na vipimo hilo lina mpangilio unaoeleweka. Kwa mwanamke mwenye rejista na penseli, ambaye hana cheo katika utumishi wa kaunti wala cheti kinachotambuliwa na bodi ya kuajiri, sioni ni mlango gani ataingilia.

Hapo kuna suala la kuunganisha kliniki, ambalo linapingwa kwa sababu zisizo sahihi. Wizara inataka kliniki za CCC, za huduma kwa wenye VVU, yale majengo ya pembeni ambayo kila mtu mtaani anajua anayeingia humo anafuata nini, ziyeyuke ndani ya huduma za kawaida. Wanaopinga wanasema siri zitavuja na foleni zitarefuka. Foleni, ndiyo. Siri, sina hakika, kwa sababu lile jengo la pembeni lilikuwa linatangaza siri kuliko foleni yoyote. Na kwa mama anayenyonyesha kuunganishwa si jambo geni. Kwa miaka mingi yeye na mtoto wamehudumiwa pamoja katika kliniki ya akina mama na watoto, chanjo na ARV chini ya paa moja, hadi mtoto apate kipimo chake cha mwisho. Mpango huo ulifanikiwa pale ambapo katika chumba hichohicho palikuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa jozi hizo za mama na mtoto tu. Muuguzi anayechanja watoto 60 asubuhi atampa mama dawa akija. Asipokuja, muuguzi hatagundua, na hata akigundua hana muda wala salio la simu. Anayetetea kuunganisha na anayepinga wote wanabishana kuhusu kuta.

Kuna watakaosema wahudumu wa afya ya jamii, wale wanaotembea nyumba kwa nyumba na mabegi yao, wajaze pengo. Kwa chanjo, kwa kuhara, kwa kumkumbusha mjamzito tarehe yake, wanafaa sana. Lakini mhudumu wa mtaa ni jirani. Anasali kanisa moja na mama mkwe. Wanawake wengi watamfungulia mlango na kumficha mkebe wa majani chai. Mama mshauri alifaa kwa sababu ya kitu ambacho serikali haijui kukiweka kwenye tangazo la kazi: yeye mwenyewe alinyonyesha akiwa na VVU na mtoto wake anasoma darasa la tano, hana virusi.

Kwa hiyo, mwaka wa fedha unaoanza Julai, anayetaka kujua kama kaunti yake imeelewa jambo hili aache kutafuta fungu la dawa kwenye bajeti. Atafute kama kuna mstari wa mishahara ya akina mama washauri, hata wachache, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Atafute nauli ya kusafirisha sampuli. Atafute kama vipimo vya mara kwa mara vya akina mama wanaonyonyesha walioonekana hawana VVU vimepangiwa fedha au vimeachwa viambatane na uzazi wa mpango siku zikibahatika. Gari la waziri wa kaunti kwa kawaida hupita bila mjadala; hivi vyote navyo vinastahili kupita hivyohivyo.

Na asubiri takwimu kwa tahadhari. Mtoto wa mama mwenye VVU hupimwa wiki ya sita, miezi sita, miezi 12, na hupata jibu la mwisho akiwa na miezi 18 au wiki sita baada ya kuacha titi. Aliyezaliwa mwezi ule fedha zilipositishwa, Januari 2025, anafikisha miezi 18 Julai 2026. Ripoti za mwaka wa kwanza baada ya tukio, kwa hiyo, zinaweza kuonekana nzuri kabisa. Zinaweza hata kuonyesha asilimia ya walioambukizwa ikishuka, kwa sababu asilimia hiyo huhesabiwa kati ya watoto walioletwa, na wanaoletwa ni wa akina mama wanaofuata dawa. Kaunti ikisema imefikia lengo la kimataifa la chini ya asilimia tano, swali la kwanza la mwandishi wa habari liwe hili: mliwatarajia watoto wangapi kwenye kipimo cha miezi 18, na wangapi walikuja? Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo lenye habari, na ni nadra sana kuliona kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.